Kibukusu kwa Njia ya Kiswahili

Kitabu changu cha kwanza cha Kibukusu kilikuwa rejista ya kliniki ya watoto mjini Kitale. Ilikuwa mwaka 2009, nami ni muuguzi mgeni kutoka Malindi niliyepangiwa kazi upande wa pili wa nchi. Kila asubuhi nilijaza majina: Wafula na Nafula, Wekesa na Nekesa, Wanjala na Nanjala, Simiyu na Nasimiyu. Kwa kuyaandika tu mfululizo niliona kwamba Wa- ni ya wavulana na Na- ni ya wasichana (Simiyu ana mwendo wake mwenyewe), na kwamba kinachobaki ukiiondoa silabi hiyo ni majira ya mwaka. Efula ni mvua. Enjala ni njaa, ile miezi ambayo ghala limekwisha na shamba bado halijaiva. Likesa ni mavuno, esimiyu ni kiangazi. Wapo wengi wanaorithi jina la babu au nyanya aliyefariki, kwa hiyo jina peke yake halithibitishi mwezi wa kuzaliwa. Lakini kwa mama mzee aliyefika bila kitambulisho, kumwuliza kwa nini aliitwa Nekesa kulifungua hesabu ya umri wake vizuri kuliko kumwuliza tarehe.

Mimi nimelelewa kwa Kiswahili, nyumbani Shela ya Malindi. Kiingereza nilikipata darasani, na Kiarabu cha chuoni nilikisoma bila kukisema. Kujifunza lugha ya watu wengine kwa kukusudia, nikiwa mtu mzima mwenye kazi na zamu za usiku, ni jambo lililoanza Kitale.

Na Kitale ni mji ambao mtu anaweza kuishi miaka na miaka bila kujua lugha ya jirani yake. Reli ilifika huko mwaka 1926. Mashamba ya walowezi wa Kizungu yalivuta vibarua kutoka kila upande, na baada ya uhuru mengi yakakatwa vipande na kugawiwa watu wa asili mbalimbali. Ukitembea kutoka sokoni hadi steji ya matatu utakutana na Wabukusu, Wasabaoti, Wanandi, Wakikuyu, Wateso na Waturkana, na wote hao wanapouziana mahindi wanasema Kiswahili. Kwa mtu wa Pwani ni faraja kubwa. Unafika mwisho wa safari ndefu, umezungukwa na Mlima Elgon magharibi na vilima vya Cherangani mashariki, baridi inakuuma, halafu mwenye duka anakukaribisha kwa lugha ya mama yako.

Kliniki ndiyo iliyonionyesha mpaka wa faraja hiyo. Kwa akina mama vijana Kiswahili kilitosha. Kwa mama zao hakikutosha. Walikuwa wakija wamesindikizwa na mtoto au mjukuu wa kuwatafsiria, na mimi nikawa napata habari za ugonjwa zikiwa zimekwisha kupunguzwa. Kuna mama mzee mmoja ambaye ndiye sababu hasa ya mimi kujifunza. Aliletwa na mwanawe wa kiume, mtu mzima, mwenye adabu na anayemjali sana. Nilimwuliza mama kinachomsumbua, alitazama chini, akasema maneno machache, na mwanawe akaniambia, "Sista, anasema tumbo." Hapo palikuwa na ukuta ambao dawa haiwezi kuupita. Hakuna mama wa heshima, Mbukusu wala Mswahili, atakayemweleza mwanawe wa kiume habari za tumbo lake la uzazi. Nilimwomba kijana atusubiri nje, nikamwita mama aliyekuwa akisafisha wodi yetu, naye akaketi, akamshika mgonjwa mkono, wakaongea taratibu. Kumbe alikuwa akitokwa na damu, na hedhi ilikwisha kukoma miaka mingi. Muuguzi yeyote anajua maana yake: mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu, anapimwa saratani bila kuchelewa. Tulimwandikia rufaa siku ileile.

Mama yule wa usafi, sote tulimwita Kukhu, yaani nyanya. Ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Hakuwahi kukaa chini kunifundisha; alinipa kazi. "Mwana wase," ataniambia, mwanangu, halafu atanituma kwa mgonjwa fulani nikamsalimie kwa sentensi moja aliyonitamkia mara mbili. Mulembe, hiyo ya kwanza, salamu ya amani ambayo kila Mluhya, Mbukusu akiwamo, anaijua. Siku nyingine nikaulize kama amekula. Siku nyingine nikamwambie asante sana, orio muno. Sentensi moja, mtu mmoja, na jibu la kumrudishia Kukhu. Kama jibu nililolileta halikueleweka, alijua ni neno gani lilinipita, akalisema tena ndani ya sentensi nzima. Sijaona njia bora zaidi ya kumfundisha mtu mzima. Darasani tulizoea lugha iwe mtihani, mtu aulizwe neno akijibu vibaya akatwe alama. Kwa Kukhu lugha ilikuwa ujumbe wa kupelekwa, na ujumbe usipofika unarudi kuuchukua tena.

Mwenzangu wa maabara, kwa wema, alinipa nakala za sarufi ya Kibukusu iliyoandikwa kwa Kiingereza. Nilizisoma kwa hamu, nikashangaa jinsi zilivyonichosha mapema. Kurasa nyingi za mwanzo zilikuwa zikimweleza msomaji wa Kiingereza mambo ambayo mimi nilizaliwa nayo: kwamba majina yamegawanyika katika makundi, kwamba sifa inafuata jina na kulivaa alama yake, kwamba kitenzi kimoja kinaweza kubeba mtendaji, wakati na mtendwa. Mwandishi alilazimika kwenda mbali kiasi hicho kwa sababu Kiingereza hakina vitu hivyo. Mimi nikawa nafuata safari ya mtu anayetoka Ulaya, na kumbe nyumbani kwangu ni jirani.

Nikanunua daftari, nikaanza upya kwa Kiswahili. Upande mmoja mti na miti, upande wa pili kumusaala na kimisaala. Kitabu na vitabu, sitabu na bitabu. Mkono, kumukhono. Mtu na watu, omundu na babandu. Kuku, engokho, na wakiwa wengi chingokho. Hapo nikaona kanuni moja kubwa: jina la Kibukusu mara nyingi linavaa viambishi viwili mbele pale ambapo letu linavaa kimoja, na k yetu mara nyingi wao wanaipeleka kooni ikawa kh. Ku- ya kulima na kula ni khu- katika khulima na khulya. Hiyo kh kwa mtu wa Malindi haina taabu. Ndiyo tunayoitamka tunapotakiana kheri.

Kuna usiku wa zamu, wodi imetulia, niliokaa na daftari hilo nikafurahi mpaka nikataka kumwamsha mtu nimwambie. Nilikuwa nimesikia kwamba "tazama" ni lola, lakini "ninatazama" wanasema ndola. Pika ni teekha, lakini nikipika mimi ni ndeekha. Nikajiuliza d hiyo imetoka wapi, na jibu lilikuwa kinywani mwangu tangu utotoni. Sisi tunasema mtu mrefu, lakini njia ni ndefu. Ulimi ukiwa mmoja una l, zikiwa nyingi ni ndimi. Sauti ya n ikigusa r au l inaizaa d, kwetu na kwao, na kwao hata ikigusa t. Halafu Kibukusu kinaongeza hatua ambayo Kiswahili hakina: lima ingetazamiwa kuwa ndima, lakini ni nima, kwa sababu ile m iliyo mbele yake inaifuta d. Kukhu hakujua kanuni hiyo kwa jina. Aliitumia tu, kila siku, bila kukosea, kama mimi ninavyosema ndefu bila kufikiri.

Na bado kuna ile ya kumfanyia mtu. Tuna pika na pikia, omba na ombea: i au e kufuatana na irabu iliyotangulia. Wao wana limila, kumlimia mtu, na teekhela, kumpikia, kwa mpango uleule kabisa. Ila kitenzi kikiwa na r, ile l ya kumfanyia nayo inageuka r kuifuata: reeba ni uliza, na kumwulizia mtu ni reebera. Mzee mmoja wa Kiminini aliyelazwa kwetu kwa presha alinisikia nikikariri teekhela, reebera, teekhela, reebera, akacheka kwa furaha, akaanza kunitungia vitenzi vingine vya r kitandani kwake. Hakuwahi kufikiri kwamba lugha yake ina utaratibu wa kusomwa. Alisema shuleni kwao, zamani, mtoto akikutwa akisema Kibukusu alivishwa kipande cha adhabu shingoni atembee nacho mpaka amkamate mwenzake anayekisema. Nilimsikia nikaumia. Wazee wengi wa Kenya watakusimulia hivyohivyo, Mbukusu, Mgiriama au Mkikuyu. Watu waliovishwa kipande kwa ajili ya lugha yao ndio tunaowataka leo watufundishe, na wanatufundisha bila kinyongo.

Pale ambapo njia ya Kiswahili inakatika, inakatika kweli. Kibukusu kina toni. Sauti ikipanda au ikishuka mahali pasipo pake, neno linageuka, na maandishi ya kawaida hayakuonyeshi. Kiswahili kimepoteza toni zamani, kwa hiyo sikio langu halikuwa na pa kushika. Nilichofanya ni kuacha kukusanya maneno mojamoja na kukariri sentensi nzima na mwendo wake, kwa kuivumisha kwanza bila maneno. Nyakati zilizopita nazo ni nyingi kuliko zetu. Lililotendeka leo halisemwi kama lililotendeka zamani, na kwa muuguzi anayetaka kujua homa ilianza lini hilo ni tunu. Halafu kuna kitu ambacho sikukiona kwa lugha nyingine yoyote ninayoijua. Sisi tunasema "alisema kwamba," "walisema kwamba," na hiyo kwamba haibadiliki. Kwao inamfuata msemaji. Akisema mmoja ni ali, wakisema wengi ni bali, nikisema mimi ni ndi. Mgonjwa analetwa na jamaa watano, wote wanaongea kwa pamoja kandokando ya kitanda, na katikati ya maneno nisiyoyajua nilikuwa naweza kuchukua bali, nikajua hapa anaeleza waliyosema wengine, halafu ndi, nikajua sasa anasema yake mwenyewe. Katika kuchukua historia ya ugonjwa, tofauti ya aliyeona na aliyesikia ni nusu ya kazi.

Agosti 2010 ndiyo iliyonisukuma mbele kuliko miezi yote. Tarehe 4 Wakenya walipiga kura ya katiba mpya, tarehe 27 ikatangazwa rasmi, na kati ya siku hizo barabara za Kitale zilijaa vijana wakikimbia na njuga. Wabukusu hutahiri katika miaka ya shufwa, na mwaka 2010 ulikuwa mmoja wao. Kijana anayekaribia sikhebo huzunguka kwa jamaa zake akigonga chinyimba, njuga za chuma, akiimba na kucheza, na umati ukimfuata. Huenda kwa mjomba wake, khocha, ndugu wa mama, ambaye anachinja na kumvisha shingoni kipande cha nyama kinachoitwa luliki. Alfajiri ya siku yenyewe anapakwa tope la mtoni, anarudi nyumbani, anasimama wima mbele ya omukhebi, ngariba, bila kupepesa. Akishatahiriwa anaingia rika lake, moja kati ya nane zinazozunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Zikizunguka zote imekwisha takriban karne, na jina linarudi.

Sisi wa afya tulikuwa na shughuli yetu humo: chanjo ya pepopunda, kisu kimoja kwa kijana mmoja, kidonda kitazamwe mapema. Nilitumwa na wenzangu kwenda nyumba kwa nyumba, na kwa mara ya kwanza nikawa napeleka ujumbe wa kwangu. Nilimsalimia baba mwenye nyumba, nikamwita papa kama Kukhu alivyonielekeza, mkewe nikamwita mayi, wazee nikawaita kuka na kukhu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sentensi zangu chache zilikuwa zinabebwa na maneno hayo manne. Mtu akishakuitikia kama mwanawe, anakusubiri utafute neno. Anakupunguzia mwendo. Wewe nawe unapata ujasiri wa kumwuliza mama mwenye kijana kama yuko tayari kutuita damu isipokoma, jambo ambalo kwa Kiswahili cha ofisini lingesikika kama amri ya serikali.

Nilihamia Bungoma baadaye, kituo cha afya nje kidogo ya mji. Matatu hupita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, chini ya kilima cha Chetambe ambako mwaka 1895 Wabukusu walijichimbia ngome na kupigana na jeshi lililoletwa na Waingereza wakiongozwa na Hobley. Wakoloni waliwaandika Wabukusu kwa jina la Kitosh, na jina hilo likadumu katika karatasi za serikali hadi miaka ya 1950. Nayataja haya kwa sababu wagonjwa wangu wa Bungoma waliyataja, kwa urahisi ule ambao mtu wa Malindi anamtaja Vasco da Gama.

Tofauti ya miji hiyo miwili kwa mwanafunzi wa lugha ni kubwa kuliko umbali wake. Kitale, mtu akisikia ninatafuta neno alikimbilia Kiswahili kunisaidia. Ni ukarimu, na nilishukuru, lakini ukarimu huo ulininyima mazoezi. Bungoma, hasa ukienda masoko ya vijijini kama Chwele, mama muuza kuku hana haraka ya kubadilisha lugha yake kwa ajili yako. Anarudia. Anaonyesha kwa mkono. Anamwita jirani waje wote wawili wakurudie. Na Kibukusu chenyewe ni kizito zaidi; kile cha Kitale kimekwisha kuchanganyika na Kiswahili hata nilikuwa nikidhani najua neno kumbe nimerudishiwa la kwetu.

Huko ndiko nilikohudhuria kumuse. Alifariki mzee mmoja mwenye heshima aliyekuwa akija kwetu kwa kisukari, na siku kadhaa baada ya mazishi tulialikwa. Msemaji wa kumuse hutoka katika koo maalumu, na si kila maiti husemewa. Ni kwa wazee waliokomaa tu. Anatembea katikati ya watu walioketi, na anaanza mbali, kwa asili ya Wabukusu, uhamaji wao, koo zao, rika zao, vita vyao, mpaka anafika kwa marehemu na kwa walio hai wanaomsikiliza. Hakuna anayeinuka hovyo. Sikuelewa hata nusu. Nilishika majina ya rika, majina ya mito, ali na bali zikipishana, vitenzi nilivyovijua vikija vimevaa nyakati za mbali nilizokuwa nimezisoma tu daftarini. Lakini nilielewa lugha hii ina uwezo gani ikipewa nafasi yake. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimeitumia kuulizia kikohozi na mahali panapouma. Tangu hapo nikaacha kusema kwamba najifunza Kibukusu cha kazini, nikasema najifunza Kibukusu.

Mwenzangu niliyesoma naye uuguzi Mombasa aliondoka kwenda Uingereza baada ya makubaliano ya kupeleka wauguzi yaliyofanywa mwaka 2021 kati ya nchi yetu na hiyo. Wodi aliyopangiwa imejaa wauguzi kutoka Kerala, kusini mwa India, na lugha yao ya chumba cha chai ni Kimalayalam. Akaamua kujifunza. Vitabu alivyopata vilikuwa vya Kiingereza kwa Waingereza, na alinitumia ujumbe wa sauti akilalamika kwa kuchoka: kitenzi kinakwenda mwisho wa sentensi, maandishi ni ya duara tupu, kuna l zaidi ya moja. Nikamwambia aache kitabu kwa muda, asikilize kwa sikio la Kiswahili. Kimalayalam si ndugu wa lugha zetu kwa vyovyote. Ni cha ukoo wa Kidravidi, pamoja na Kitamil. Hata hivyo alirudi baada ya wiki kadhaa na habari njema. "Mimi" kwa Kimalayalam huanza na sauti ile tunayoanzia nyanya, na ndani ya "sisi" kuna ng' ya ng'ombe iliyokazwa. Waingereza waliokuwa wakijifunza naye walikuwa wakitaabika na sauti hizo. Yeye alizitamka mara ya kwanza, na dada wa Kerala aliyekuwa akimfundisha akamkumbatia.

Akaendelea kunieleza, nami nikawa naandika ukurasa wa Kimalayalam mwishoni mwa daftari la Kibukusu. Maji ni vellam. Mama ni amma. Muuguzi aliyekuzidi umri huwezi kumwita kwa jina tupu. Ni chechi, dada mkubwa, na mwanamume ni chettan. Wana "sisi" mbili, ya kumjumlisha unayesema naye na ya kumwacha nje. Na kitenzi chao hakimfuati mtendaji hata kidogo: nakuja, unakuja, wanakuja, mwisho ni uleule. Nilimweleza kwamba mimi huku nina lugha ambayo hata "kwamba" inamfuata mtendaji. Tukakaa kwenye simu tukistaajabu, yeye Uingereza, mimi Bungoma, sote wawili watoto wa mwambao ule alikoondoka Vasco da Gama mwezi Aprili 1498 akiongozwa na rubani aliyepewa Malindi, akafika Calicut, huko huko Kerala, mwezi Mei. Watu wetu na wao wamekuwa wakipelekwa na pepo zilezile tangu kabla yake.

Ninachokitaka kwa shule zetu nimekwisha kukisema kwa walimu wengi, na nitakisema hapa. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha zote za Wakenya, na mtaala mpya una somo la lugha za kiasili kwa madarasa matatu ya mwanzo. Mijini kama Kitale, ambako darasa moja lina watoto wa asili tano, mara nyingi Kiswahili ndicho kinachochukua nafasi hiyo, na sioni ubaya. Ubaya ninaouona ni kwamba mtoto wa Kibukusu aliyelelewa kwa Kiswahili, nao ni wengi sasa, akitaka kurudi kwenye lugha ya nyanya yake anapewa njia ya Kiingereza. Anaambiwa kuna makundi ya majina yaliyopewa namba. Anakariri namba, na mti na miti anazo tangu ana miaka miwili.

Wapo wanaoniambia Kiswahili ndicho kilichoiua lugha ya nyumbani Kitale. Wazazi wawili Wabukusu, na watoto hawasemi neno. Nimeyaona hayo kwa macho na siwezi kuwakatalia. Lakini mtoto huyo hajawa mgeni kabisa. Ana ndefu na ndimi, ana pikia na ombea, ana mkono na njaa na mvua. Mlango uko wazi mbele yake, hajaonyeshwa tu. Miaka ya 1940 palikuwa na juhudi ya kuandika Kiluhya kimoja cha wote, kamati ikaundwa, mmisionari Appleby akaandika sarufi, na Wabukusu na Wamaragoli hawakuikubali kwa sababu haikuwa lugha ya yeyote kati yao. Sitaki kamati nyingine kubwa. Nataka vitabu vidogo vya Kibukusu vilivyoandikwa kwa Kiswahili, Kimaragoli vivyo hivyo, Kigiriama kwetu Pwani vivyo hivyo, vikianza na yale ambayo msomaji tayari anayo mdomoni.

Daftari langu limenakiliwa na wauguzi vijana wanaoletwa Bungoma kutoka kaunti nyingine. Sehemu ya uzazi tumeiandika pamoja na wakunga wawili wa kienyeji, na ndiyo ndefu kuliko zote, kwa sababu wao ndio wanaojua maneno ambayo mama anayejifungua huyasema kweli. Mwaka huu nimeanza Kisabaoti, kwa ajili ya akina mama wanaoshuka kutoka Mlima Elgon. Ni lugha ya Kikalenjin. Makundi ya majina niliyoyazoea hayako, viambishi vyangu havinisaidii, na sina ndefu wala ndimi za kushikilia. Nimesimama mahali aliposimama mwenzangu mbele ya Kimalayalam. Nimemwomba mkunga mmoja wa Kapsokwony anitume kwa wagonjwa, sentensi moja moja, na nimrudishie majibu.